Kufunga kranki ya baiskeli ya resi nyumbani

Mafundi wengi wa baiskeli mitaani kwetu wamejifunzia kazi kwenye Phoenix, na kwenye Phoenix kranki, yaani mikono inayobeba pedali, hushikwa na kota pini, kile kipini cha chuma kinachopigiliwa kupita kwenye mkono na shafti. Pini ikigoma, unaigonga. Ikilegea, unaigonga tena. Ni ufundi halali, na baiskeli zile zinabeba magunia ya mkaa mpaka leo. Balaa linaanza fundi huyohuyo akiletewa baiskeli ya resi ya mtumba, mikono ya kranki ya alumini, akainama kuchukua nyundo ileile. Ndiyo maana nawashauri wenye baiskeli hizi wafunge kranki zao wenyewe, barazani, bila haraka.

Nitazungumzia zaidi kranki ya Shimano ya aina ya Hollowtech II, kwa kuwa ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi. Shafti yake ni nene, ina uwazi ndani, kipenyo milimita 24, na imeungana moja kwa moja na mkono wa kulia wenye sproketi. Mkono wa kushoto unavishwa mwishoni na kubanwa kwa bolti mbili. Beringi zinakaa nje ya fremu, ndani ya vikombe viwili vyenye thredi, ile mistari ya skrubu.

Kabla ya yote nunua spana halisi ya vikombe, ile yenye meno kwa ndani, ya saizi ya vikombe vyako, maana vikombe vya miaka ya karibuni ni vidogo kuliko vya zamani. Spana ya bomba iache kwa mafundi bomba. Mengine ni alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 5, kile kifunguo kidogo cha kifuniko cha plastiki cha mkono wa kushoto, grisi, matambara na nyundo ya mpira.

Wengi wanakwama kwenye kujua upande wa kuzungusha. Fremu nyingi zina thredi za Kiingereza, na hizo kikombe cha kulia ni cha kinyume: kinakazwa kinyume na mwendo wa saa. Cha kushoto ni cha kawaida. Mimi sikariri saa. Ninashika spana ikiwa imesimama wima juu ya shafti: nikiivuta kuelekea gurudumu la nyuma, kikombe kinakaza, upande wowote ule. Kuelekea gurudumu la mbele, kinafunguka. Pedali ni kinyume chake kabisa. Zenyewe zinakaza kuelekea mbele, kulia na kushoto. Fremu za zamani za Italia zina sheria yao, thredi za pande zote mbili ni za kawaida, kwa hiyo soma maandishi kwenye kikombe kabla hujaweka nguvu.

Safisha thredi za fremu mpaka zing'ae, paka grisi, kisha anza kikombe kwa vidole. Kizunguke raundi kadhaa kwa mkono mtupu. Kikigoma, kimeingia upande. Kitoe uanze upya. Thredi za fremu zikiliwa umepoteza fremu.

Kipimo cha kukaza vikombe ni kati ya 35 na 50 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Huna toki renchi, spana inayopima nguvu hiyo? Tafuta ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia mabegi ya safari. Ndoano ishike mpini wa spana sentimita 25 kutoka katikati ya shafti, vuta kwa pembe mraba na mpini mpaka isome kilo 16 hivi. Hapo uko karibu 39 Nm, ndani ya kipimo.

Sasa shafti. Ipake grisi nyembamba, ining'inize cheni pembeni, isukume kutoka kulia ipite kwenye beringi zote mbili. Ikikaza mwishoni, nyundo ya mpira inatosha. Mkono wa kushoto una meno mawili mapana, hivyo unaingia mkao mmoja tu. Kisha kile kifuniko cha plastiki, na hapa ndipo wenye misuli wanapoharibu. Kazi yake ni kusogeza mkono mpaka kulegalega kwa pembeni kuishe, basi. Kipimo chake ni 0.7 hadi 1.5 Nm, yaani nguvu ya vidole. Ukikikamua, beringi zinabanwa na kranki inazunguka kwa uzito, zitakufa mapema.

Kabla ya kukaza bolti, angalia kibati kidogo cha plastiki katikati ya mpasuo wa mkono. Kina kipini kinachopaswa kuzama kwenye tundu la shafti. Kisipozama, mkono haujafika mwisho, hata kama kwa macho unaona umefika. Kikizama, kaza bolti mbili kwa kupokezana, hii kidogo, ile kidogo, mpaka zote zifike 12 hadi 14 Nm. Kwa mizani yetu ni kilo 13 kwenye sentimita 10 za mpini. Baada ya safari ya kwanza, zipime tena.

Kuhusu mlio. Kijana wa mtaani kwetu aliniletea baiskeli inayolia kak, kak kila anapokanyaga, ameshanunua beringi mpya na mlio upo palepale. Nilichofanya ni kutoa pedali, kufuta thredi zilizojaa vumbi jekundu, kupaka grisi na kurudisha. Kimya. Anza na pedali, halafu bolti za sproketi, halafu bomba la kiti. Beringi ziwe za mwisho. Bomba hilo la kiti ndilo pia linaloingiza maji ya mvua mpaka kwenye kranki, kwa hiyo baada ya masika litoe, pindua baiskeli, uache maji yamwagike. Na mashine ya presha ya kuoshea magari isielekezwe kwenye beringi hata siku moja.

Kwa wenye shafti ya zamani ya pembe nne, ukitaka kutoa mkono: toa bolti na washa yake kwanza, ndipo uingize kivutio cha kranki, kifaa cha kuvuta mkono utoke kwenye shafti, kwa mkono mpaka mwisho wa thredi. Ukiona mkono umelegea, usiendelee kuendesha, kwa sababu tundu la alumini likishapanuka halirudi.

Ukinunua mtumba, geuza mkono wa kranki usome nyuma yake. Septemba 2023 Shimano ilitangaza ukaguzi wa kranki zake za resi za Ultegra na Dura-Ace za gia 11 zilizotengenezwa kabla ya Julai 2019, kwa sababu vipande vilivyounganishwa kwa gundi vinaweza kuachana. Marekani peke yake zilihusika kama 680,000, na kampuni ilikuwa imepokea taarifa zaidi ya 4,500 za kranki kuachana. Tafuta herufi mbili, kuanzia KF hadi RF: ya kwanza ni mwaka, ya pili mwezi. Ukizikuta, pitisha ukucha kwenye maungio yote ukiwa na tochi. Ukucha ukinasa kwenye mwanya, au ukisikia mlio usiokwisha baada ya kusafisha pedali, kranki hiyo usiikanyage tena, na bei ya baiskeli ishuke kwa gharama ya kranki nyingine.