The Greatest Showman: uongo ni mwingi, na bado naiangalia

Mkuu mleta mada, umeuliza kama humu kuna mtu mzima mwingine anayeipenda The Greatest Showman, kwa sababu shemeji kakuambia ni muvi ya watoto wa chekechea, watu wanaanza kuimba ghafla, na jamaa yako wa kazini kakutumia makala ndefu kukuonyesha kwamba P.T. Barnum halisi, yule Mmarekani mwandaa maonyesho wa karne ya 19 ambaye muvi inamsimulia, alikuwa tapeli. Mimi nipo, tena sioni aibu. Ila shemeji na huyo jamaa yako hawasemi kitu kimoja, na ukiwajibu kwa mkupuo utajikuta unatetea hata yasiyoteteeka.

Kwanza nikuulize: shemeji kaiona ipi? Maana iliyozagaa mtaani kwetu ni ile iliyotafsiriwa na DJ. Mimi nilianza na hiyo, kibandani, nikatoka najiuliza watu wanapendea nini hapa. DJ ni fundi wa muvi za ngumi, hilo simnyimi, lakini kila wimbo ukianza anapandisha sauti yake juu ya muziki: "Hapa sasa stelingi anamwambia mchumba wake watatoboa tu," halafu anasogeza mbele. Wimbo mzima unaisha kwa sentensi moja. Sasa muvi yenyewe ina dakika 105 tu, na humo nyimbo ndizo zilizobeba mzigo. Ukizitoa unabakiwa na fukara aliyeoa binti wa tajiri, akapoteza kazi, akafungua maonyesho, akapata pesa, akalewa sifa, akafilisika, akarudi kwa mkewe. Hiyo hata mimi naiandika ndani ya daladala, Mbagala hadi Posta, na chenji inabaki.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa kuwa nabonyeza kinanda kidogo nilitwishwa kwaya. Wazazi walitaka "A Million Dreams" kwenye mahafali ya darasa la saba, ndipo nikalazimika kukaa na zile nyimbo kikazi, moja moja, nikisimamisha na kurudisha. Watunzi ni Benj Pasek na Justin Paul, wale walioandika maneno ya nyimbo za La La Land. Uangalie huo wimbo kwa makini. Unaanzia kwa mtoto (sauti ni ya Ziv Zaifman) na kinanda, chini kabisa, karibu na kuongea. Kabla haujaisha, mtoto keshakuwa Hugh Jackman (ndiye Barnum), keshaoa, na yuko juu ya paa na mkewe, Michelle Williams, wanacheza katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Miaka yote ile, umaskini, barua, posa, harusi, imepita ndani ya wimbo mmoja na hukuhisi umerukishwa. Wanafunzi wangu walikuwa wanaupigia kelele tangu mstari wa kwanza, kiitikio kikifika hawana tena pa kupanda. Nikawaambia ubeti wa kwanza waimbe wamekaa, mikono mapajani, kama wanamsimulia mwenzao. Kiitikio ndipo wasimame. Ukumbi uliwapokea vizuri sana, na mimi nikaelewa kwamba wale watunzi si watu wa kubahatisha.

Ila ukiniambia nichague kipande kimoja cha kumshikisha shemeji adabu, sichagui huo wala "This Is Me", ambao nitaufikia. Nachagua baa. Barnum anataka kumvuta Phillip Carlyle (Zac Efron), kijana wa matawi ya juu, aingie naye ubia. Kinachofuata ni majadiliano ya asilimia, basi. Barnum anatoa saba. Kijana anataka kumi na nane. Wanapandishiana na kushushiana kama watu wa mitumba pale Karume, wanafungia kumi. Na yote hayo yanaimbwa, wakati mhudumu wa baa anatelezesha vile vibilauri vidogo juu ya kaunta, na kila kibilauri kikigonga mbao ni pigo la ngoma. Kofia zinarushwa, viti vinaburutwa, visigino vinapiga, hakuna kilichowekwa pale kama pambo. Halafu mwangalie mhudumu mwenyewe. Hasemi neno, wala hacheki, na bado yumo ndani ya biti kuliko wote. Nimeona muvi nyingi "za maana" ambazo mazungumzo ya mkataba yanakupa usingizi. Hawa wamefanya mkataba ukawa ngoma.

Kuhusu hoja ya shemeji kwamba watu kuanza kuimba ghafla ni utoto, mwambie akamuulize mama mkwe. Wazee wetu walijaa majumba ya sinema ya Avalon na Empire kuangalia picha za Kihindi, ambamo mtu anaimba mvuani na anaimba akiwa anakufa, na hakuna aliyesema ni utoto. Taarabu ikachukua hata melodi zake. Tatizo si kuimba. Labda kinachomkera ni kung'aa kupita kiasi, na hapo simbishii: hii muvi inang'aa mpaka gunia linang'aa. Hata umaskini wao umepigwa pasi.

Kasoro za kawaida ni nyingi na sizifichi. Michael Gracey, ndiyo kwanza alikuwa anaongoza filamu yake ya kwanza ndefu, na inaonekana: kila tukio limepangwa kama video ya muziki, halafu kati ya wimbo na wimbo watu hawajui wafanye nini na mikono yao. Carlyle na Anne Wheeler (Zendaya) ni watu wa kubuni. Penzi lao, mzungu tajiri na msichana mweusi wa sarakasi katika Marekani ya karne ya 19, lingehitaji muvi yake peke yake. Hapa limepewa dharau ya wazazi, wimbo wa kwenye kamba, moto, na kitanda cha hospitali. Huo wimbo wa kamba, lakini! Anaruka, anamkwepa, anamrudia, kamba inawavuta juu pamoja na kuwaachanisha. Huhitaji kuelezwa kwamba hawa hawawezi kuwa pamoja.

Jenny Lind naye, yule mwimbaji ambaye Barnum anampeleka ziarani. Rebecca Ferguson anapiga pleibeki, sauti ni ya Loren Allred. Hilo si tatizo, India yote imeishi hivyo. Kichekesho ni kwamba Lind halisi alikuwa mwimbaji wa opera, na hapa kapewa baladi ya redioni, halafu wakubwa wa New York wanalia kama wamesikia malaika. Mapenzi yake na Barnum ni ya kutungwa. Ziara ilianza 1850, mwaka uliofuata wakavunja mkataba, na mapato yake mengi alipeleka kwenye misaada, hasa shule kwao Sweden. Kumgeuza mwanamke wa namna hiyo kuwa mwizi wa mume ni kumchafua bure.

Halafu kuna ujanja mmoja ambao unanichekesha kila nikiufikia. Ndani ya muvi wamemweka James Gordon Bennett, mhariri wa New York Herald, kama mhakiki mwenye uso wa ndimu asiyefurahia kitu. Mwishoni analainika. Yaani wamewajibu wahakiki kabla hawajaandika! Barnum mwenyewe angewapigia makofi. Na kweli wahakiki wengi waliiponda ilipotoka Desemba 2017. Wikiendi ya kwanza Marekani iliingiza kama dola milioni 8.8 tu, kwa filamu iliyogharimu milioni 84, watu wakaanza kuiandalia kaburi. Wikiendi ya pili ikapanda badala ya kushuka, kitu ambacho ni nadra, na mwisho wa yote ikapita milioni 430 duniani. Majumba ya sinema yakaweka maonyesho ya kuimba pamoja, maneno yanapita kwenye skrini. Watu walirudia kwa ajili ya nyimbo. Hakuna aliyerudi kujua kama Barnum atapatana na mkewe.

Sasa tuje kwa jamaa yako wa kazini, maana yeye ana hoja nzito na hapa mimi sicheki.

Barnum halisi hakuanza na ndoto wala paa la mashuka. Alianza mwaka 1835 na Joice Heth, bibi mweusi, mtumwa, kipofu, mwili umepooza. Alitoa dola 1,000 apate haki ya kumwonyesha. Akamtangaza kuwa ana miaka 161 na kwamba ndiye aliyemlea George Washington. Watu wakalipa. Bibi alipofariki Februari 1836, Barnum akauza tiketi za senti 50 watu waingie kutazama maiti yake ikipasuliwa, eti kuthibitisha umri. Kwenye muvi Joice Heth hayumo. Hata jina halitajwi. Badala yake tunapewa baba mwema anayewakusanya waliokataliwa na kuwapa familia. Sisi tunaojua habari ya Sarah Baartman, mwanamke wa Afrika Kusini aliyeonyeshwa kwa watu London tangu 1810 na mabaki yake kurudishwa Afrika Kusini mwaka 2002, hatuwezi kusema hilo ni jambo dogo la kihistoria. Wameacha lile lile ambalo lingevunja hadithi yao.

Charles Stratton, yule mfupi sana wa kwenye maonyesho, ni hivyo hivyo. Kwenye muvi ni mtu mzima aliyekuwa anajificha nyumbani. Ukweli ni kwamba alikuwa mtoto wa miaka minne Barnum alipomchukua, akatangazwa kuwa na kumi na moja. Na hiyo sarakasi yenyewe Barnum aliiingia akiwa na umri wa karibu miaka 60.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hadithi ya kweli ni tamu kuliko hii. Stratton alikua, akatajirika, na Barnum alipofilisika mwaka 1856 ni Stratton aliyejitolea kwenda naye ziarani kumnyanyua. Na Barnum yule yule aliyemlipia bibi mtumwa, mwaka 1865 alisimama kwenye bunge la jimbo la Connecticut akitetea watu weusi wapewe kura. Mtu wa namna hiyo unamchukia saa moja, saa ya pili unamshangaa. Jackman angeweza kabisa kumcheza. Wao wakachagua kumpaka sukari.

Kwa hiyo "This Is Me" naichukuliaje? Ni wimbo wa Lettie, mwanamke mwenye ndevu, baada ya Barnum kuwafungia mlango wasionekane kwenye hafla ya wakubwa. Ulishinda Golden Globe, ukafika Oscar ukashindwa na wimbo wa Coco. Kuna video ya mazoezi, tafuta YouTube: Keala Settle, anayemwigiza Lettie, anaanza nyuma ya stendi ya noti kama anaogopa, anasogea katikati taratibu, mwishoni anamshika Jackman mkono na chumba kizima kimesimama. Ile video ina nguvu kuliko muvi. Hakuna mapambo, hakuna Barnum wa kusifiwa, ni mwanamke na sauti yake. Kwenye muvi wimbo ukiisha tu, hadithi inawatupa wale watu pembeni na kurudi kwenye ndoa ya bosi. Wengi wao hata majina hatujui. Nywele zinanisimama kila mara na bado hilo naliona, vyote viwili kwa wakati mmoja.

Jamaa yako mjibu hivi: ndiyo, Barnum alikuwa hivyo na zaidi ya hivyo, na mimi nasikiliza kazi ya Pasek na Paul, simsifu Barnum. Akikuambia huwezi kutenganisha, muulize kama ameacha kusikiliza taarabu zote ambazo melodi zake zilichukuliwa India bila mtu kuombwa. Mtabishana mpaka usiku, lakini angalau mtabishana juu ya kitu cha maana.

Shemeji mtafutie nakala isiyo na DJ, yenye maandishi chini, na spika nzuri, usimwekee kwenye simu. Akiipenda, mpe Chicago ya 2002, iliyochukua Oscar ya filamu bora: pale nyimbo zinatokea kichwani mwa Roxie, mhusika mkuu, kwa hiyo ile hoja yake ya kuimba ghafla haina pa kushika, na matapeli wanaitwa matapeli. Cats ya 2019 usimguse nayo kabisa. Ile ilikuwa tayari kwenye majumba ya sinema ndipo wakatuma nakala nyingine iliyorekebishwa, na hata iliyorekebishwa ni paka wenye sura za watu. Hapo shemeji atakuwa na haki ya kukununia.