Ufunguo ukilia mlangoni, mwanangu huficha kalamu zake

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka saba katika ndoa na watoto wawili. Mume wangu ni mchapakazi, hanywi, na hajawahi kuninyanyulia mkono. Ila hasira zake zinatumaliza. Jambo dogo tu, kama taa iliyoachwa ikiwaka au kiatu kilicholala njiani, linatosha kumfanya afoke mpaka mishipa ya shingo imsimame, kisha abamize mlango na kutoka. Baada ya saa moja anarudi mnyonge, anaomba radhi. Wiki haipiti, yanarudi yale yale.

Kilichonifanya nikuandikie ni mwanangu wa miaka mitano. Juzi alikuwa sebuleni anachora. Aliposikia ufunguo wa baba yake mlangoni, alizoa kalamu zake za rangi haraka haraka akazisukuma chini ya kochi, akakaa na mikono mapajani. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo.

Nilimsimulia mume wangu usiku ule. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia, "Nisaidie, maana mimi ndivyo nilivyoumbwa." Nataka kumsaidia, lakini nikimwambia "tulia" anawaka zaidi, na nikinyamaza anasema namdharau. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale kwenye kalamu.

Nikuambie jambo moja ujue anayekujibu ni nani. Nyumbani kwangu, mwenye hasira nilikuwa mimi. Mume wangu ni mtu mpole. Usiku mmoja alichelewa kumchukua mtoto, nikamfokea, na glasi iliyokuwa mkononi mwangu nikaipigiza ukutani. Hakujibu. Alichukua ufagio akaanza kufagia vile vipande polepole, na mpaka leo ile sauti ya vioo vikikwaruza sakafu naisikia. Kesho yake mchana, nimeshatulia, aliniambia: "Jana ulikuwa na haki ya kulalamika, nilichelewa. Lakini ulivyofoka sikusikia neno hata moja. Nilisikia kelele tu." Hakuna aliyewahi kunipa maneno yaliyoniingia kama yale. Angeyasema usiku ule ule, ningetafuta glasi ya pili.

Kwa hiyo nianze na hilo "ndivyo nilivyoumbwa". Siku mmekaa vizuri, muulize kwa upole: bosi wake akimuudhi, humfokea? Humbamizia mlango? Nina hakika jibu ni hapana. Basi breki anazo. Anazikanyaga kazini kutwa nzima, akifika kwake anaziachia. Usimuulize kwa kumsuta, maana swali hili linauma. Mimi lilinikera siku mbili nzima kabla sijakubali kwamba lilikuwa la kweli.

Sasa kwa nini "tulia" haisaidii? Yuko mtafiti wa Marekani, John Gottman, ambaye kwa miaka mingi aliwaketisha wanandoa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Washington, akawafunga vipimo vya mapigo ya moyo huku wakijadili mambo yanayowagombanisha. Aliona kwamba moyo ukivuka mapigo kama 100 kwa dakika, mtu hawezi tena kusikiliza vizuri wala kukumbuka nia njema ya mwenzake. Mwili umeshajiandaa kwa vita. Wakati mwingine watafiti waliwakatisha wanandoa katikati ya ugomvi kwa kisingizio kwamba mitambo ina hitilafu, wakawapa magazeti wasome kwa kama nusu saa. Waliporudi mezani mioyo ilikuwa imeshuka, na wakazungumza kama watu wengine kabisa. Ugomvi ulikuwa ule ule.

Hapo ndipo msaada wako ulipo, mwanangu: si kumtuliza akishawaka, bali mkubaliane mapema, mkiwa na amani, namna ya kusimamisha mazungumzo. Chagueni neno au ishara. Mimi na mume wangu tulichagua kuweka kiganja juu ya meza. Hakuna kuongea, kiganja tu. Akikiweka yeye au nikikiweka mimi, mjadala umesimama. Lakini mkataba wenyewe una masharti, na wengi wanaharibu hapa. Anayetoka lazima aseme anarudi lini: "Nipe nusu saa, tutaendelea saa tatu." Isipungue dakika 20, maana mwili unahitaji muda huo kushuka. Na arudi kweli, yeye mwenyewe, bila kuitwa. Mume wako tayari hutoka, lakini hutoka kwa kubamiza mlango na mnabaki hamjui atarudi akiwa vipi. Kutoka kwa namna hiyo ni adhabu kwenu, hata kama yeye anadhani anajiepusha.

Nawe usimfuate. Najua unatamani mmalize, uingie chumbani umwambie neno la mwisho. Liache.

Katika muda huo asikae akipanga hotuba ya kukushinda. Na yale ya kupiga mito ngumi ili "kutoa hasira" ayaache kabisa. Mwaka 2024 watafiti wawili, Sophie Kjærvik na Brad Bushman, walichapisha uchambuzi wa tafiti 154 zilizohusu watu zaidi ya 10,000. Walikuta kwamba yanayopunguza hasira ni yale yanayoupoza mwili: kupumua polepole, kulegeza misuli, kutafakari kwa utulivu. Yanayouchemsha mwili, kama kupiga ngumi, hayaipunguzi, na hata kukimbia hakukusaidia. Akae mahali, avute pumzi kwa pua, aitoe taratibu kuliko alivyoivuta, mpaka mabega yashuke. Mabega yakishuka atajua mwenyewe.

Kitu cha pili ni daftari, na hili nalipenda kuliko yote kwa sababu ndilo lililonifungua macho. Kila akishapoa aandike mistari minne: ilikuwa saa ngapi, nini kilitokea, kabla ya hasira alikuwa anahisi nini, na alifanya nini. Ule mstari wa tatu ndio mgumu. Mwezi wa kwanza niliandika "hasira, hasira, hasira". Baadaye nikaanza kuona mengine yaliyojificha chini yake: uchovu, aibu, hofu ya fedha, njaa tu. Nikagundua pia kwamba karibu vurugu zangu zote zilitokea kati ya kuingia ndani na kubadilisha nguo. Tukakubaliana dakika 15 za mwanzo nisiulizwe wala nisiambiwe jambo lolote lisilo la dharura. Wewe umetaja ufunguo mlangoni. Huenda kwenu ni saa ile ile. Ila daftari ni lake, aandike yeye. Ukiliandika wewe litageuka faili la kesi.

Kuhusu unavyoanza mazungumzo, nitasema kwa ufupi kwa sababu sitaki ubebe mzigo usio wako. Jambo likianza na "wewe kila siku" huishia pabaya, na likianza na "mimi leo nimechoka, naomba" lina nafasi. Jitahidi, lakini ukikosea siku moja, kufoka kwake kunabaki kuwa kwake.

Na mtoto? Asingoje akue ndipo aelezwe. Baba yake achuchumae, macho yao yawe usawa mmoja, amwambie: "Nilipiga kelele na nikakuogopesha. Hukukosa kitu. Najifunza kutofanya hivyo." Aishie hapo. Asiongeze "lakini wewe nawe". Na asimdai mtoto jibu wala kumbatio. Watoto hawasadiki maneno upesi, huhesabu siku.

Kama baada ya miezi miwili mitatu ya kujaribu kwa dhati bado anawaka vile vile, aende kwa mshauri nasaha au mwanasaikolojia. Aende mwenyewe kwanza, kabla hamjaenda pamoja. Hasira huzoeleka kama mazoea mengine, na zipo njia za kumfundisha mtu kuyatambua mawazo yanayoiwasha na kuyajibu. Pia aulizwe kuhusu usingizi na huzuni. Kwa wanaume wengi sonona haiji na machozi, huja na ukali.

Naomba sasa unisikilize vizuri, hata kama unasema hajakunyanyulia mkono. Akianza kurusha vitu kuelekea uliko, kukuzibia mlango usitoke, kukunyang'anya simu, kukutishia wewe au watoto, au ukijikuta unapima kila neno kwa woga kabla ya kulitoa, weka pembeni kiganja na daftari. Hiyo si hasira ya kufundishwa, ni ukatili, na si kazi yako kuutibu. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, weka vyeti vyenu mahali unapoweza kuvifikia, ujue mtalala wapi usiku ukiharibika. Nasema hivi nikijua kwamba ile glasi yangu ya ukutani nayo ilikuwa kitisho. Mume wangu aliniambia miaka mingi baadaye kwamba usiku ule aliamua kulala chumba cha mtoto, si kwa kununa, bali kumlinda. Sikuwa najua.

Mumeo amekuomba msaada, na hilo ni jambo kubwa, mimi ilinichukua muda mrefu kulitamka. Lakini mwelewane tangu mwanzo: wewe unaweza kuiheshimu ishara, kulinda zile dakika 15, na kumwambia kesho yake ulichokisikia. Kupumua, kuandika, kurudi kwa wakati na kuomba radhi ni vyake.

Ukurasa huu usiuache mezani ili auone kwa bahati. Mpe mkononi, mwambie ni wewe uliyeandika, kisha mwache ausome peke yake.