Re: Kaunti ndogo, niongeze utando?

Usiongeze, mkuu. Simama hapo hapo.

Umeandika kwamba una dondoo la maganda ya korosho kutoka Masasi, unataka kuona kama linashika vipokezi vya opioidi (sehemu za seli zinazoshikwa na dawa kama mofini) kwenye utando wa seli za ubongo wa panya. Umeuliza utumie isotopu ipi ya mionzi, tritiamu au ayodini-125, na habari ya vibali na taka za mionzi. Katikati ukapitisha kwamba kaunti zako (mapigo ya mionzi ambayo mashine inahesabu) ni ndogo na fundi wa maabara kakushauri utie utando mara tatu. Hapo ndipo nimeshtuka.

Nami niliambiwa hivyo hivyo, na msimamizi mwenye shahada ya uzamivu. Nikatia, kaunti zikapanda, tukapongezana. Kichupa cha naloksoni yenye tritiamu, ile ligandi (kemikali inayoshika kipokezi) tuliyoitumia, alikilipia mzee wangu kwa pesa ya korosho zake za Nachingwea. Kikaisha chote kwenye data ambayo mtahini aliikataa kwa swali moja: kati ya ligandi uliyotia, iliyobaki huru ni kiasi gani?

Hesabu ya Kd (kipimo cha ligandi inavyoshika kipokezi; ikiwa kubwa, inashika kwa udhaifu), na hata fomula ya Cheng na Prusoff ya 1973 utakayotumia kupata Ki, kipimo kama hicho cha dondoo lako, huchukulia kwamba ligandi iliyo huru ni karibu sawa na uliyotia. Utando ukizidi, vipokezi vinaimeza. Kwenye grafu unaandika nanomola 1, kumbe mrijani imebaki nusu. Kd inatoka kubwa kuliko ilivyo, dondoo linaonekana dhaifu, na ukibadili kiasi cha utando nguvu yake inabadilika tena. Msimamizi akadai dondoo langu limeoza. Halikuoza! Alikuwa hajawahi kupima ligandi huru, na bado anafundisha wengine.

Shika hili: ligandi inayonaswa pamoja na utando kwenye kichujio isizidi asilimia 10 ya uliyotia. Lipime kabla ya kugusa sampuli. Umetia kaunti 20,000, kichujio kimeshika 4,000? Punguza utando, au ongeza ujazo wa mrija huku mkolezo wa ligandi ukibaki ule ule. Kaunti ndogo dawa yake ni muda: iache mashine ihesabu dakika nyingi zaidi. Ukikusanya 10,000, kosa la kibahati ni asilimia 1 tu.

Tena dondoo la korosho ni la kahawia. Rangi ikibaki kwenye kichujio inafifisha mwanga ambao mionzi ya tritiamu huuwasha kwenye kimiminika cha kuhesabia, kaunti zinashuka, nawe utadhani dondoo limeing'oa ligandi. Tia dondoo kwenye kichupa chenye kaunti unazozijua, uone zinashuka kiasi gani.

Isotopu chukua tritiamu. Nusu-uhai wake ni miaka 12.3, ayodini-125 ni siku 60 hivi. Vibali ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, anza sasa.

Ila kwanza weka hapa namba tatu: kaunti ulizotia, zilizonaswa, na zilizonaswa ukiwa umejaza ligandi isiyo na mionzi. Nitazipitia leo usiku, kabla hujafungua kichupa kingine.