Kabla hujapiga video, sikiliza upepo

Video yangu ya kwanza ya kulipwa niliipigia Mikindani, Mtwara, ufukweni, mwezi wa saba. Mama mmoja anayebangua korosho alitaka tangazo fupi la kurusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Nikamsimamisha, bahari nyuma yake, picha ikatoka safi. Kufika nyumbani nafungua: vuuuu! Upepo wa kusi umemeza kila neno. Nilipomwonyesha akaniuliza tu, "Mwanangu, mbona nachezesha mdomo?" Hela yake nilirudisha.

Tangu siku hiyo naanza na sauti. Mtazamaji atavumilia picha yenye ukungu kidogo, ila sauti ikikwaruza anapita zake. Kusi likiwa msimu wake, mimi hupiga asubuhi na mapema, kabla upepo haujashika kasi. Maiki ya bei sina. Nina simu mbili: moja inapiga picha, nyingine inarekodi sauti ikiwa kwenye mfuko wa shati wa msemaji, au imefichwa kwenye kanga kifuani. Kabla hajaanza napiga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri natafuta pale viganja vinapokutana, nalinganisha na ule mlio kwenye rekodi ya simu ya pili, basi. Kama simu ni moja tu, msogelee msemaji hadi ukinyoosha mkono umguse, na mgongo wako ukinge upepo.

Nikarudi kwa yule mama, bure, safari hii uani kwake chini ya mwembe. Sikuanza na "habari zenu wapendwa", maana hapo ndipo watu wanapokukimbia. Nilianza na mikono. Majivu yameijaa hadi kwenye vifundo, kwa sababu mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Korosho juu ya jiwe, kigongo kinashuka, ta! Ganda linapasuka, kokwa inatoka nzima. Sekunde nane bila neno, ndipo ukaja uso wake, kisha ua mzima.

Mwanga nao una vituko. Ukimweka mtu mbele ya bahari inayong'aa, uso unakuwa giza. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, shikilia kidole mpaka kamera ishike fokasi na mwanga wa hapo, halafu ongeza mwanga kidogo. Na ukipiga ndani usiku ukaona mistari inatembea kwenye picha, simu haijaharibika. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingine zinapepesa mara mbili ya hiyo, mara 100 kwa sekunde, bila jicho kujua. Kwenye kamera ya simu weka fremu (picha) 25 kwa sekunde. Kama simu yako haina chaguo hilo, subiri mchana ukae karibu na dirisha.

Lenzi futa, kila mara. Chumvi ya pwani haionekani mpaka uone picha.

Video ya pili ya mama ilitoka sekunde arobaini. Mama akaitazama mara tatu, akacheka, akasema sasa anaisikia sauti yake. Kisha akanigeukia: "Lakini mwanangu, mbona hukuniambia nibadili kanga?"