Stelingi anayedaiwa kodi

Mkuu mleta mada, umeuliza inakuaje mtu mzima na ndevu zake anatokwa machozi kwenye muvi za kina Superman wakati kila kitu mule ni kompyuta na stelingi mwenyewe hafi. Mie ntakujibu kwa nilivoona, maana nimefanya kazi kwenye kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea muvi, huku Makorora, Tanga, nakusanya hela mlangoni na kubadilisha CD, na ukizoea kukaa pale nyuma muvi huiangalii tena, unaangalia watu.

Ngumi zikianza watu wanapiga kelele na miluzi kweli, ila ndo hapohapo mmoja anatoka kukojoa, mwingine anafuata mihogo nje, kwa sababu kila mtu anajua jamaa atashinda. Kibanda kinanyamaza stelingi akipata shida ambayo nguvu zake haziisaidii kitu. Mie nadhani siri yote iko hapo.

Chukua Spider-Man 2 ya 2004. Peter Parker, ndo Spider-Man mwenyewe, anasimamisha treni kwa mwili wake, lakini kodi ya chumba anadaiwa, kazi ya kupeleka piza kafukuzwa kwa kuchelewa, na nyumba ya shangazi yake benki wanaitaka. Sasa ule utando utamsaidia nini benki? Mpaka ile nguo yake kaifua pamoja na nyeupe zikatoka na rangi, vijana walicheka hiyo kuliko kitu chochote, ila mwenye nyumba alipomdaka mlangoni anadai kodi yake sikusikia kicheko, geto zetu si tunazijua wenyewe. Alafu ndo inakuja ya treni, barakoa hana, kazimia, abiria wanampokezana juu kwa mikono kama jeneza linavyopokezanwa huku kwetu, na wanaona kumbe ni kijana tu, mtoto wa mtu. Treni ingeweza kusimama na barakoa iko usoni, waliotengeneza muvi wametaka tuuone uso unavyoumia.

Iliyonimaliza mie ni Logan ya 2017. Hugh Jackman alianza kumcheza Logan, yule Wolverine wa makucha, mwaka 2000, sie tukiwa wadogo, kwahiyo kufika pale kazeeka tunamuona. Makucha yapo, damu ipo nyingi hata imezidi, lakini anaendesha gari la kukodi apate riziki, kusoma mpaka miwani, vidonda haviponi kama zamani, na ana mzee wa kumuuguza, Charles Xavier, ambaye nguvu zake zote zilikuwa kichwani na sasa kichwa hichohicho ndo kinaugua. Anampa dawa, wanatupiana maneno, anambeba kumlaza. Naiangalia hiyo mzee wangu ana kiharusi, mie na kaka tunamgeuza kwa zamu, na kuna siku anakutolea maneno mpaka unatoka nje kuvuta pumzi alafu unarudi kumbadilishia shuka. Ule uchovu wa kumkasirikia mtu huku unampenda sijawahi kuuona umeonyeshwa vile kwenye muvi nyingine, na wala wakati ule sikukumbuka kama yule jamaa ana makucha.

Ila msinielewe vibaya, stelingi kufiwa peke yake haitoshi. Superman ya 1978, kijana anayeshinda treni mbio anafiwa na baba mlezi kwa moyo, na nguvu zote zile hana la kufanya. Safi kabisa. Alafu mwishoni Lois, mwanamke anayempenda, anakufa, jamaa anaizunguka dunia mpaka muda unarudi nyuma, Lois mzima! Kwangu wameharibu, maana sasa unabaki unajiuliza mbona na baba asimrudishie muda.

Na tusiseme ni ujanja wa Wamarekani. Watu wa mwambao tuna Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi zetu za kale, jitu haliuliki ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na anayekuja kuiulizia hiyo siri ni mwanawe wa kumzaa, kaahidiwa mke na mfalme wa Pate. Baba anahisi kabisa mtoto katumwa na bado anamwambia. Kwa mwanao utatumia nguvu gani? Kachomwa, kaenda kupiga goti kisimani na upinde mkononi, kafa vilevile, mji mzima unaogopa kuchota maji mpaka mama yake anaenda kumbembeleza, hajui anabembeleza maiti.

Ndo maana Black Panther ya 2018 ilipofika huku sikusikia mtu akibishania ile suti. Ubishi ulikuwa mfalme kamuua mdogo wake, alafu mtoto wa marehemu kaachwa Marekani kama hana ukoo, mzee mmoja akasema huyo mtoto, Killmonger, haki yake ya mirathi kadhulumiwa, ikawa vurugu mpaka mwenye kibanda akazima taa.

Kwahiyo mkuu kama unataka kujaribu anza na hiyo Logan, ila tafuta yenye maandishi chini, usichukue ya kutafsiriwa. Madijei wanaotafsiri nawaheshimu, wamenilisha, lakini hawawezi kuvumilia kimya, stelingi akikaa tu anamtazama mzee wake tayari dijei kashatia utani wake, na wewe utarudi hapa kusema hujaona cha kulilia.