Maswali ya Wasomaji: Treni za Zamani za Kuchezea

SWALI: Kaka yangu anayeishi Ohio, Marekani, amenitumia seti ya treni ya Lionel, kampuni ya Marekani ya treni za kuchezea, ya miaka ya 1950. Ina kichwa cheusi chenye namba 2026, behewa la makaa, mabehewa mengine 3, reli, na transfoma nzito iliyoandikwa 1033. Reli zimeanza kushika kutu na rangi ya kichwa imechunika. Ningependa wanangu waione ikitembea likizo hii. Nianzie wapi, na je, nikiipaka rangi upya itapanda thamani? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya jambo lolote jingine, tafadhali usiichomeke transfoma hiyo ukutani. Ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 115 na Hz 60 (Hz ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), ilhali soketi ya nyumbani kwako inatoa volti 240 na Hz 50, kwa hiyo nyaya zake za ndani zitapata zaidi ya mara mbili ya volti zilizokusudiwa, nazo zitaungua kwa muda mfupi sana. Kifaa cha kushusha umeme hadi volti 110 husaidia kwa kiasi tu, kwa sababu hakibadilishi Hz, na transfoma ya Hz 60 ikitumiwa kwenye Hz 50 hupata joto kupita kawaida yake. Zaidi ya hayo, mpira wa waya wa umri huo mara nyingi umekauka. Ukunje taratibu kwa vidole, na ukiona unapasuka au kumeguka, fundi umeme aubadilishe.

Ushauri wangu ni kuihifadhi 1033 kama sehemu ya seti na kununua transfoma mpya ya volti 230 inayotoa mkondo geu (AC) usiozidi volti 18. Usitumie mkondo mnyoofu (DC): ikiwa behewa la makaa lina honi, mkondo huo ndio unaoiamsha, nayo ingelia bila kukoma.

Kisha fungua skrubu za kibao kinachoshika brashi mbili za kaboni kwenye mota. Nyuma yake utaona duara la shaba lililogawanywa vipande 3, ambalo kwa kawaida huwa jeusi kwa masizi ya miaka mingi. Lifute kwa pamba yenye spiriti hadi shaba ing'ae, na utoe uchafu katika nafasi kati ya vipande kwa kijiti cha meno. Tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila ekseli na kwenye ncha za mhimili wa mota, na grisi kidogo kwenye gia, lakini shaba ile isiguswe na mafuta hata kidogo.

Wengi hukata tamaa hapa, kwa sababu wanawasha umeme, kichwa kinavuma, lakini hakiendi. Mara nyingi hakijaharibika. Ndani yake mna swichi inayosogea hatua moja kila umeme unapokatwa na kurudi: mbele, simama, nyuma, simama. Kata umeme, urudishe, nacho kitaondoka. Kikiendelea kusimama, angalia kijiwenzo kidogo kinachochomoza juu ya tangi la kichwa hicho, kwa maana kikisogezwa huizuia swichi hiyo isibadilike.

Reli zifute kwa kitambaa chenye spiriti. Usizisugue kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kwa kuwa vipande vyake hunaswa na sumaku za mota, wala kwa msasa, ambao huondoa madini ya juu yanayozuia kutu, na hewa ya chumvi ya pwani haitazipa nafasi ya pili.

Kuhusu rangi, nakusihi uiache. Mkusanyaji hulipia rangi ya kiwandani hata ikiwa imechunika, na kichwa kilichopakwa upya hushuka thamani hata kama kazi ni nzuri. Kama kaka yako bado ana yale maboksi ya rangi ya chungwa na buluu, mwombe asiyatupe.

SWALI: Nilinunua kichwa cha treni ya kuchezea cha Hornby Dublo, chapa ya Uingereza, cha mwaka 1939. Fremu yake inapasuka yenyewe kabatini, ingawa haijaguswa. Je, gundi itafaa? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Haitafaa, na pole sana. Vyuma vingi vya kumiminwa vya miaka ile ni aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki, na ilipochanganyika na madini ya risasi hata kidogo, chuma hicho huoza polepole kutoka ndani, hufura, kisha hupasuka. Hakuna dawa ya kukirudisha. Uozo huu hauambukizi vichwa vingine, kwa hiyo huna haja ya kuvitenga. Toa mota, magurudumu na bodi mapema, kabla fremu inayofura haijavibana au kuvipinda, kisha tafuta fremu nyingine iliyo nzima ya kuvifungia.