Nimeacha pombe ila mke wangu bado ananinusa mdomo

SWALI: Asalaam alaykum ustadhi. Niko huku Ujiji, gongo nimeacha wiki ya 6 sasa, naswali na kazini Kibirizi naenda. Ila nikirudi tu mama watoto ananinusa mdomo pale pale mlangoni, na pochi analala nayo chini ya mto. Zamani niliwahi kuuza madumu yake 2 ya mawese nikanywea. Nimetubu kweli, je yeye hapati dhambi kunidhania vibaya?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Ndugu yangu, wiki 6 bila gongo si jambo dogo, wallahi nimefurahi sana. Lakini ile aya ya Qurani inayokataza kudhania watu vibaya usimshikie mkeo, dhana mbaya ni ile isiyo na sababu, yeye sababu anayo, madumu 2.

Soma Suuratu Yusuf. Wale ndugu waliomtupa Yusuf kisimani wakamdanganya baba yao, baadae walivyomwomba awape na yule mdogo waende naye Misri, baba yao nabii Yaqub akawauliza niwaamini kama nilivyowaamini kwa Yusuf? Hakuwapa mpaka walipomuapia kwa Mungu. Halafu mdogo akazuiliwa Misri, wakarudi nyumbani na safari hii walikuwa wanasema kweli kabisa, wakamwambia kawaulize watu wa mji, uliza na msafara tuliokuja nao, na mzee bado hakuwaamini! Yaani ndo hapo ulipo wewe, unasema kweli na neno lako halina uzito, sasa usigombane nae, fanya kama wao, lete mashahidi. Ukichelewa Kibirizi mpigie kabla hajauliza, mpe simu bosi wako waongee, hela ya siku mkabidhi yeye. Akikunusa simama tu akunuse, vumilia. Hata baadae walipoomba msamaha, Yaqub aliwajibu "nitakuombeeni", hakusema leo.

Jambo lingine, kama mikono inatetemeka au usingizi hauji nenda hospitali ya Maweni ukaonane na daktari, kutafuta dawa hakupunguzi imani. Na wale wa kijiweni wakikuita kupiga stori tu usiende, hujapona kiasi hicho bado.

Toba kwa Allah umeshafanya inshaallah, ila haki ya mtu hailipwi kwa istighfari. Ulizia dumu la mawese sokoni sasa hivi ni bei gani, anza kumrudishia wiki hii hata elfu mbili mbili, mpe mkononi, na usimwambie sasa niamini.